Hodi Kwenye Wimbo wa Sita

Ilikuwa Alkhamisi, siku ya mapumziko, mwaka 2004, na Balqees alikuwa jikoni kwake Ghubra, mtaa wa Maskati, anasukuma chapati. AC inanguruma, katuni zinapiga kelele sebuleni, na bahasha ngumu kutoka Scotland imekaa juu ya meza tangu juzi. Haijafunguliwa. Mtu mwengine akiletewa zawadi na kaka yake wa pekee angeichana hapo hapo penye sanduku la posta. Balqees hakuona haja. Hiyo "sioni haja" ndiyo ilikuwa tabia yake, na kabla hamjaanza kumsema, sikilizeni kwanza.

Mama yake, Bi Mahbuba, alikufa mwaka 1996 nyumbani kwao Sib. Balqees ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyemkosha, ndiye aliyewapikia watu msiba mzima. Hakulia. Hata chozi moja. Wanawake wakanong'onezana mikekani kuwa mtoto huyu ana roho ngumu. Roho ngumu, wapi! Maskini, alikuwa na ganzi. Alikingoja kilio kije. Arubaini ikapita, mwaka ukapita, kilio hakikuja, na ganzi ikatambaa mpaka kwenye mambo mengine: sikukuu, harusi yake mwenyewe, hata uzazi. Nunu alipozaliwa, nesi akamlaza kifuani pake. Balqees akamtazama akasema, "Mzuri." Basi.

Alimlea vyema kuliko wengi wetu tunavyolea. Lakini alimpenda kwa kujua, si kwa kuhisi, na kila akimwogesha alijiuliza swali lile lile: siku mwanangu akipatwa na jambo, mie ntalia? Au ntasema sioni haja? Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kuhisi kuwa yule mtoto ni wake. Alimwomba Mungu hilo kila swala, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo.

Nunu alikuwa na miaka sita, na adabu zake zote za kwetu. Mkubwa akikuita jina, itika "abee" hapo hapo, hata kama mdomo umejaa wali. Balqees ndiye aliyemfunza. Nyumbani alikuwepo pia Bi Sayyida, mdogo wake marehemu Mahbuba, aliyehamia hapo kwa sababu Saeed, mume wa Balqees, alifanya kazi jangwani kwenye visima vya mafuta na nyumbani alikuja kwa zamu.

Chapati zilipokwisha, Balqees akafungua bahasha. Ndani mna CD. Jalada lake lilikuwa na picha ya uwanja wa majani uliorowa, ukungu, na nguzo moja ya umeme. Kaka yake, Ishaq, alikwenda Glasgow mwaka 1992 kusomea uhandisi. Uhandisi ukamshinda, akaishia studio, anarekodi muziki wa watu. Hii ilikuwa rekodi mpya ya vijana watatu wa huko huko, kundi lenye jina ambalo Bi Sayyida alilijaribu mara moja akaliacha, akasema litamvunja meno. Ishaq alikuwa ameshapiga simu kueleza. "Sikiliza wimbo wa sita," alisema. "Uwe peke yako."

Aliisikiliza baada ya chakula, wakati ule ambao Maskati nzima imelala, maduka yamefungwa na barabarani hapiti mtu. Muziki wenyewe si wa kucheza wala wa kuimba. Kinanda cha umeme kinavuta sauti moja mpaka unaisahau, ngoma ya mashine inadondoka taratibu kama mfereji usiofungwa vizuri, gita liko mbali huko, na kijana anaimba kwa kunong'ona hata hujui anasema nini. Balqees aliupenda. Ulikuwa muziki usiomtaka mtu kitu. Wimbo wa kwanza mpaka wa tano alikaa tu, mikono mapajani.

Wa sita ukaanza kwa mvumo. Halafu ikasikika feni. Halafu kijiko, kinagonga ndani ya kikombe.

"Hodi," akasema mama yake.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa faida ya wasiojua. Watu wetu hawa wa Unguja na Oman, kabla simu haijawa rahisi, walikuwa wakitumiana kanda. Huandiki barua. Unakaa na redio kaseti, unasema yako, kisha anayesafiri anakuchukulia. Bi Mahbuba alimtumia Ishaq kanda nyingi, na alikuwa na mtindo wake: hasemi neno mpaka apige hodi kwanza, yaani anaingia nyumbani kwa mwanawe. Akishapiga hodi ananyamaza, ili Ishaq huko Glasgow aitikie karibu. Akiuliza "Hujambo, baba?" ananyamaza tena, amsubiri aseme sijambo. Balqees ndiye aliyekuwa akimbonyezea vitufe. Akishabonyeza, kazi yake kukoroga chai na kufunga mdomo. Kijiko kile kwenye wimbo kilikuwa chake. Miaka yote ile ya kanda, yeye alikuwa kijiko. Mama hakupata hata siku moja kumuuliza hujambo kwenye kanda, na amuulize kwa nini, si yupo pale pale?

Kumbe Ishaq aliwapa vijana wale kanda moja, ya mwaka 1994. Baadaye alisema kuwa kuisikiliza hakuweza tena, na kuitupa pia hakuweza.

Basi sauti ilisema hodi, na ukimya ukafuata, kinanda kinavuta. Na mtu wa kwetu akipigiwa hodi, ulimi hauombi ruhusa.

"Karibu," akasema Balqees.

Sauti ikaendelea na yake. Hujambo, baba. Umekula? Huko baridi, ujifunike miguu. Wimbo ukaisha. Balqees akangoja kulia. Akangoja mpaka CD ikasimama yenyewe. Hakuna. Akainuka kwenda uani kuanua nguo, akazikunja moja moja pale pale kwenye kamba, hana haraka. Bi Sayyida, aliyeamka kwa swala ya alasiri, akamwona kwa dirishani na kupiga ukelele.

"We Balqees! Viatu!"

Balqees akatazama chini. Alikuwa pekupeku. Mwezi wa sita, ua wa marumaru, jua la Maskati. Hata paka wa Ghubra hawakanyagi hapo mpaka magharibi. Nyayo zake zilikuwa nyekundu na zimeanza kuvimba. Hakuwa amesikia kitu.

Jumamosi alirudi kutoka kazini wizarani, akala, akamlaza Nunu, akafunga mlango wa sebule. Wimbo wa sita. Mvumo. Feni. Kijiko. Mara hii hodi haikuwepo. Alidhani ameipitisha, akarudisha nyuma. Haikuwepo. Sauti ilianza moja kwa moja, ya mtu aliyekwisha kaa.

"Hujambo, baba?" Kimya. Kisha, kwa upole ule ule: "Na Balqees hujambo?"

Alijua kuwa hapo anatakiwa kuogopa. Aliitafuta hofu kama anayetafuta miwani yake asiione. Alichokipata kilikuwa kitu kidogo sana, mbali sana: ameulizwa. Leo ameulizwa na yeye.

"Sijambo, mama," akanong'ona.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Miguu inauma?"

Balqees akazitazama nyayo zake, zimefungwa bendeji. "Haiumi."

"Haitauma," ikasema sauti, na kinanda kikairudia kazi yake.

Toka siku hiyo kila mchana akawa huko sebuleni. Hakumwambia mtu. Ganzi ikapanda. Vidole vya mikono vikafuata: alimwaga maji ya wali akiwa ameshika sufuria bila ya kitambaa, na Bi Sayyida akasikia harufu kabla yake. Ulimi ukafuata: chumvi na sukari vikawa sawa. Bi Sayyida akasema twende hospitali. Balqees akasema haoni haja. Nunu alimkumbatia mchana mmoja kwa nyuma, naye akaendelea kukata vitunguu, kwa sababu hakujua kuwa amekumbatiwa. Aligeuka akamkuta mtoto amesimama, midomo inamtetemeka. Alijua kuwa hilo ni jambo baya. Alilijua tu.

Bi Sayyida si mtu wa kuzungushwa. Siku moja aliingia sebuleni kimya, akakaa nyuma ya kiti na kusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika Balqees mkono, akamkokota jikoni, akafungulia mfereji maji yapige kelele.

"Nani yule?" akanong'ona.

"Mama."

"Siku ya kwanza ilikuwaje? Ilianzaje?"

"Alipiga hodi. Nikamkaribisha."

"Alipiga ngapi?"

Balqees akafikiri. "Moja."

Bi Sayyida akaufungua mfereji zaidi. "Dada yangu mie namjua," akasema. "Alipiga hodi tatu. Tatu, asipoitikiwa anarudi zake, ndo tulivyofunzwa na mama yetu. Hata kwenye kanda alipiga tatu, nawe ndo ulokuwa ukimshikia redio. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Alimsikia mama yake akipiga hodi zile miaka na miaka, na hakuwa akisikiliza.

"Hiyo ilopiga moja ikakaa kungoja, mie siijui," akasema Bi Sayyida. "Usiiitikie tena. Wallahi, Balqees, usiiitikie."

Balqees akakubali. Akaitia CD kabatini chini ya mashuka, na siku ya kwanza akashinda vizuri. Siku ya pili Bi Sayyida akaitwa Sib, kuna mgonjwa. Mchana ukaingia. Nunu amelala chumbani. Nyumba imetulia, AC tu. Na Balqees akawaza: mara moja. Sitaitikia. Nisikie tu nikiulizwa.

Akaitoa. Akaiweka.

Mvumo. Feni. Kijiko.

"Hujambo, Balqees?"

Akauma midomo. Haikuuma.

"Umekula?"

Akanyamaza.

Kinanda kikakatika. Ngoma ikakatika. Ikabaki feni, feni ile ya jikoni Sib iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka. Hata kijiko kilikuwa kimya.

"Haya," ikasema sauti. Haikukasirika. "Nani mwengine yupo hapo? Mwite nimsalimie."

Maneno hayo yamo kwenye kila kanda ya kila nyumba yetu. Mtu akimaliza salamu zake anaita wengine, mmoja mmoja, wapokezane. Hayana ubaya wowote.

"Mwite Nunu."

Kanda ilikuwa ya 1994. Bi Mahbuba alikufa 1996. Nunu alizaliwa 1998.

Balqees alitaka kukaa. Miguu ikasimama. Miguu ile isiyosikia marumaru ya moto haikumsikia na yeye pia. Ikaenda. Ikatoka sebuleni. Ikapita ukumbini. Ikafika mlango wa chumba cha mtoto, na mkono ukainuka, ukashika kitasa. Alikuwa akijitazama anavyofanya. Ndani ya kichwa aliambiwa kwa sauti yake mwenyewe: mwamshe tu, amsalimie bibi yake, kuna ubaya gani.

"Mwite," ikasema sauti. Ilikuwa imetoka sebuleni. Ilikuwa ukumbini.

Akafungua mdomo amwite. Na hapo, sijui ni nini, labda ni midomo ile ya Nunu iliyokuwa ikitetemeka siku ya vitunguu, kilichotoka kilikuwa kingine.

"Hayupo!" akapiga ukelele. "Nunu hayupo! Hayupo hapa! Toka nyumbani kwangu!"

Kimya.

"Haya," ikasema sauti.

Akakimbia. Akaichomoa CD, akaipinda, ikapasuka, kipande kikamkata kiganja mpaka ndani. Na kiganja kikauma. Ya rabi, kikauma! Nyayo nazo zikawaka, na vidole vilivyoungua kwa sufuria, na midomo aliyoiuma, yote kwa mpigo. Akaanguka sakafuni akiwa ameukumbatia mkono wake, na kile kilio cha miaka minane kikatoka.

Bi Sayyida, aliyekuwa ndo kwanza anarudi kutoka Sib, alimkuta hapo. Majirani tuliitika pia, kwa sababu sauti ilifika barabarani. "Mama yangu," alikuwa akisema, "mama yangu, mama yangu," kana kwamba maiti iko chumba cha pili. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Tulimfunga mkono, tukampa maji, tukamwacha alie.

Nunu akatoka chumbani na nguo zake za kulalia. Balqees akamvuta, akamnusa nywele, akausikia uzito wake mapajani, joto lake, mifupa yake midogo. Kwa mara ya kwanza toka amzae. Alicheka na kulia pamoja. "Nakupenda," akamwambia, "nakupenda mie, wasikia?"

"Nasikia," akasema Nunu.

Wiki ile Balqees alikuwa mtu mwengine. Alikula maembe mpaka mikono ikatiririka. Aligombana na Saeed kwenye simu na kufurahi kuwa amegombana. Alilia kwa kila kitu, hata tangazo la maziwa kwenye televisheni. Bi Sayyida alisoma dua vyumba vyote, vipande vya CD vikatupwa baharini huko Qantab, na tukadhani yamekwisha.

Ishaq alipiga simu Alkhamisi, karibu na adhuhuri.

"Balqees, mlifanyaje kumrekodi Nunu?"

"Kumrekodi wapi?"

"Kwenye wimbo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "CD yangu nilimpa mtu, jana nikanunua nyengine dukani. Mama anasema, mwite Nunu. Sikumbuki mie kuwepo hilo. Halafu kuna mwanamke anapiga kelele, hayupo, hayupo. Ni wewe yule. Nikenda duka jengine nikafungua nyengine. Ni hivyo hivyo."

Balqees akaibana simu sikioni.

"Halafu," akasema Ishaq, "mtoto anaitika."

"Anaitikaje?"

"Abee, bibi. Kwa adabu tu. Kwa mbali kidogo, kama yuko nyuma ya mlango."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kijiko kinaanza tena."

Balqees akaiacha simu ikining'inia. Akaenda sebuleni. Katuni zinacheza, hakuna mtu. Chumbani, kitanda kimetandikwa vizuri. Jikoni, Bi Sayyida anaosha mchele. "Nunu yuko wapi?" Bi Sayyida akageuka, na wote wawili wakatazama dirishani.

Nunu alikuwa katikati ya ua. Jua la adhuhuri juu yake, kivuli chake hakionekani. Pekupeku. Amesimama wima, mikono imelala mbavuni, hachezi, hatikisiki.

"Nunu!"

Akageuka taratibu. "Abee?"

Balqees alitoka mbio bila ya viatu, na kila hatua ilimuunguza mpaka kwenye mfupa, akaisikia yote. Akambeba, akamkimbiza ndani, akakaa naye sakafuni na kuzigeuza nyayo zake. Ngozi ilikuwa imeshaachia.

"Mwanangu, umesimama hapo tangu saa ngapi? Kwa nini hukutoka juani?"

Nunu akamtazama. Alimtazama mama yake anavyolia, machozi, kamasi, mdomo wazi, na akanyoosha mkono na kumpiga piga begani mara moja mbili, kama watoto wanavyofunzwa kumpoza mgeni.

"Sikuona haja," akasema.

Walimpeleka Nunu kwa madaktari, na kwa wasiokuwa madaktari, hapa na Unguja. Sasa wamehamia Sib. Nunu ni msichana mkubwa, mzuri, hodari wa masomo, na ukimwita anaitika kabla hujamaliza jina. Mama yake ndiye anayelia kwa niaba yao wote wawili. Vijana wa Glasgow walitoa rekodi nyengine, na wimbo ule kwenye nakala mpya wameuondoa. Hawakusema kwa nini.

Nyumba ya Ghubra bado ipo, inapangishwa. Nenda mwezi wa sita, adhuhuri, jua likiwa kichwani, utazame uani. Marumaru yote ni matupu isipokuwa pale katikati, penye alama mbili ndogo zisizotoka kwa dawa yoyote, kila moja kadiri ya unyayo wa mtoto. Paka wa mtaa wanalala hapo, wanasukumana wapate nafasi. Panakaa baridi.